Kauboi juu ya paa Mji wa Kale: sauti tamu, viti taabu

Naanza na viti vya ile sinema ya juu ya paa, Mji wa Kale, Mombasa, maana mgongo bado waniuma. Ni vile vibao virefu visivyo na pa kuegemea, kama vya madrasa, na filamu yenyewe ni dakika 95. Ongeza maneno ya mwenye paa kabla hajaiwasha, ongeza dakika nne za stima kupotea, umekaa saa mbili kasoro kidogo kama mtoto anayengoja kusomeshwa. Ami yangu aliona mambo hayo, akavuta kreti la soda, akaligeuza, akakalia. Akasema hapo ndipo penye mto. Haya, hilo nimelitoa. Mengine ni mazuri na natamani watu waende.

Mahali penyewe hapana kibao wala jina. Ukiipa Ngome, yaani Fort Jesus, mgongo ukaishika barabara ya Ndia Kuu, muulize muuza kahawa yeyote mwenye dele mkononi, "Paa la sinema liko wapi?" Atakuonyesha mlango kwa kidevu. Ghorofa tatu za ngazi nyembamba, kisha watoka juu na unaiona bandari ya zamani yote kwa chini, na mbele yako shuka nyeupe imefungwa kwenye nguzo mbili. Ni kila Alhamisi baada ya Isha, shilingi 300 pamoja na kikombe kimoja cha kahawa tungu. Huko kuanza baada ya Isha nimekupenda. Nimewahi kwenda kwengine walikoanza Magharibi, adhana ikaingia katikati ya mazungumzo, watu wakaondoka nusu, waliporudi hakuna ajuaye nani kamuua nani.

Alhamisi hiyo walionyesha In Old Arizona, picha ya kauboi ya kampuni ya Fox ya Marekani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 25 Desemba 1928, na Januari 1929 ikatoka kwa wote. Wengi walikuja kwa sababu ya neno kauboi. Mie nilikuja kwa sababu ya sauti, na hapa nijieleze kidogo.

Kazi yangu ni kurekodi harusi. Kwenye kupamba na kwenye makesha ya wanawake hawataki mwanamume nyuma ya kamera, kwa hivyo sisi wanawake wachache tujuao vyombo hatulali msimu ukifika. Nilianza na kamera, sasa nashika sauti tu: maiki, rekoda, hedifoni masikioni tangu alasiri hadi wali wa mwisho uliwe. Watu hudhani sauti hujirekodi yenyewe. Siku moja, familia moja ilifanya shughuli yao nje, ufuoni, Nyali, mwezi wa saba, kusi limeshika. Nyanya yake bi harusi akasimama kumpa mjukuu wake wosia. Bibi ana miaka yake, sauti nyembamba, na alisema maneno ambayo waliokaa karibu walilia. Mie pia nililia. Nilipofika nyumbani nikasikiliza, hakuna bibi. Kuna upepo tu, vuuu, vuuu, kama mtu anayekokota gunia, na katikati yake neno "mwanangu" mara mbili. Mama wa bi harusi hakunilipa salio na sikumdai. Tangu siku hiyo maiki yangu ikitoka nje naivisha manyoya yake ya kuzuia upepo, na juu ya manyoya nazungusha kipande cha leso kuukuu ambacho kimefuliwa hadi kikawa laini kama ngozi.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuna watu waliobeba maiki jangwani mwaka 1928, hawana manyoya wala hedifoni kama hizi zangu, wakarudi na sauti inayosikika, nitapanda ngazi hata kumi.

Mwenye paa ni kijana mpole na ametayarisha maneno yake vizuri, ila anayasema akiwa na maiki mdomoni kama mtangazaji wa mpira. Alieleza, na mengine nilikuwa nayajua, kwamba miaka ile sinema ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kusema. Kampuni ya Warner walikuwa na Vitaphone, ambapo sauti ilikaa kwenye sahani kama ya santuri, picha kando, sauti kando, na mashine mbili ziende pamoja. Utepe ukikatika ukaungwa vibaya, basi mdomo wa mtu wafungwa na neno laja nyuma. Fox wao walishika njia ya Movietone: sauti inageuzwa kuwa umeme, umeme unaichezesha taa, na taa inaandika michirizi ubavuni mwa utepe uleule wa picha. Kwenye ukumbi, mwanga unapenya michirizi ile na inarudi kuwa sauti. Picha na sauti zimelala kitanda kimoja.

Kitu alichosahau kusema ndicho kilichotuharibia dakika kumi za kwanza. Ile michirizi ilikula nafasi. Ubavu mmoja wa utepe ukapewa sauti, na picha ikabaki karibu mraba. Kijana alikuwa ameiweka projekta yake ijaze shuka yote, kama picha za siku hizi, kwa hivyo farasi wote walikuwa warefu kama mabasi na watu wana nyuso za sahani. Nikaenda nyuma taratibu nikamwambia, "Mdogo wangu, hii picha hukuipika wewe, usiikande." Akacheka, akabonyeza, ikarudi ndogo katikati ya shuka na farasi wakapata miguu yao. Nikiwa palepale nikamwomba na jingine: "Na besi, teremsha." Alikuwa ameipandisha kama anapiga taarabu ya harusini. Sauti ya 1928 haina besi ndani yake. Ukiipandisha unachopandisha ni mngurumo wa mashine. Aliniachia vitufe nikashika mwenyewe. Nilipotoa besi na kuongeza sauti za kati kidogo, ghafla tukasikia kwato. Kwato za kweli, zinakuja, zinapita, zinakwenda zikififia. Mzee mmoja mbele akageuza shingo kuangalia zinakoelekea, kule upande wa bahari. Hapo nikajua shilingi 300 zangu zimerudi.

Niwaambie kwa nini kwato zile ni jambo kubwa. Wakati ule filamu za maneno zilitengenezwa ndani ya studio zilizozibwa, na kamera ilifungiwa ndani ya kibanda ili mlio wake usiingie kwenye maiki. Maiki zenyewe zilisikia pande zote. Hakuna ya kuielekeza kwa msemaji ikamsahau mbuzi anayelia nyuma. Kwa hivyo waigizaji walijikusanya kwenye chungu cha maua penye maiki, wakazungumza na ua. Picha ya kauboi ndani ya chumba! Wakubwa wa sinema wengi waliona kauboi kwisha habari yake, maana farasi haingii studio na jangwa halizibiki.

Raoul Walsh, mwongozaji wa Fox, aliona njia pengine. Fox walikuwa tayari na magari ya habari ya Movietone yanayozunguka kurekodi mambo nje, barabarani, viwanjani. Walirekodi ndege ya rubani Lindbergh ikiruka kwenda Paris mwaka 1927 na mngurumo wake. Sasa kama gari la habari laweza kurekodi ndege, kwa nini lisirekodi farasi? Fikra ni ya fundi kabisa, hiyo. Chombo kipo, kinafanya kazi nyingine, wewe wakiazima. Wakaondoka na vyombo hadi Utah, kwenye majabali ya Zion na Bryce Canyon, na huko California wakafanya kazi jangwa la Mojave na kwenye kanisa la zamani la San Fernando, lenye kengele. Kwa sehemu kubwa walichosikia ndicho kilichobaki. Kuchanganya sauti nyumbani baadaye, kama nifanyavyo mie na kompyuta yangu usiku wa manane, kulikuwa kugumu na kulichafua kazi.

Walsh alikuwa aongoze na pia awe stelingi mwenyewe. Usiku mmoja huko Utah yuko garini, sungura mkubwa wa jangwani akashtuliwa na taa, akaruka, akapasua kioo cha mbele. Vigae vikamwingia jicho la kulia. Jicho likaenda. Sungura wa hadithi zetu humdanganya fisi na kumnyang'anya simba nyama. Huyu wa Utah alimtoa mtu jicho na kumpokonya kazi yake ya kuigiza. Walsh alivaa kitambaa cheusi jichoni maisha yake yote, akaongoza filamu nyingi tu baada ya hapo, ila stelingi hakuwa tena. Irving Cummings akaletwa kumalizia, ndiyo maana majina ya waongozaji ni mawili, na nafasi ya stelingi ikapewa Warner Baxter, mtu wa Ohio, ambaye kwa kazi hiyo alipata Oscar ya mwigizaji bora kwenye tuzo za pili, zilizotolewa Aprili 1930. Ajali ya mmoja, zawadi ya mwenziwe. Kwenye harusi pia ndivyo. Mpambaji akiugua, msaidizi wake ndiye mtu atakayepigiwa simu mwaka mzima.

Ukiwa na sikio la kazi utaona vitu vya kuchekesha. Nje, farasi na magari yakiwa mbioni, picha iko huru, pumzi imejaa. Mara tu mtu anapotaka kusema maneno marefu, wote wanasogea mahali pamoja na kutulia tuli, na hakuna anayegeuza kichwa. Mie nilikuwa nanong'ona, "Maiki iko hapo, nyuma ya ile meza." Mwanangu wa kike, aliyekuja kwa lazima, akaanza mchezo huo naye, na ikawa kila mtu akisimama wima ghafla, sisi wawili twatafuta maiki ilikofichwa.

Sasa nifike kwenye jikoni.

Kuna mahali ndani ya filamu ambapo nyama inakaangwa, na watengenezaji waliiachia sauti yake peke yake: shwaaa, mafuta yanaruka, hakuna anayezungumza. Watu wa wakati ule walitoka ukumbini wakaisema sauti ile kuliko maneno ya mapenzi. Kwenye paa letu ilikuwa hivi. Ghorofa ya chini mama yake kijana anapika viazi karai, karai kubwa, mafuta yamechemka. Yule wa kwenye shuka akatia nyama yake, shwaaa. Mama naye chini, bila kujua, akatia viazi vyake, shwaaa. Kwa muda kama wa kuhesabu ishirini hakuna mtu kwenye paa lile aliyejua sauti ipi inatoka wapi. Kisha harufu ikapanda, ya unga wa dengu na pilipili na ndimu, na watu wakaanza kucheka mmoja mmoja, halafu wote. Ami akauliza, kwa sauti, "Wakaanga nini hao?" Kijana akajibu kutoka nyuma, "Nguruwe, mzee." Ami akasema astaghfirullahi, akaziba pua kwa ncha ya kikoi, na mkono wa pili ameshika sahani ya viazi.

Viazi vyenyewe: sahani ya shilingi 100, vitano vikubwa, ganda jembamba, ndani vimeiva, chatine ya ukwaju ambayo ingetaka chumvi kidogo. Mishkaki ilikuwa mikavu. Maji ya ukwaju matamu mno. Kahawa safi, na ukiomba kikombe cha pili hawakudai.

Hadithi? Hadithi ni ya mapenzi, na kwa kweli ndiyo inayochosha. Imetoka kwa kisa cha mwandishi O. Henry cha mwaka 1907, na humo Cisco Kid, yule anayechezwa na Baxter, ni muuaji tu, hana uzuri. Filamu imemsafisha, imempa tabasamu na mistari ya kuimba, ikamfanya jambazi muungwana. Anampenda Tonia Maria, anayechezwa na Dorothy Burgess, aliyetoka kwenye jukwaa la maigizo na hii ndiyo filamu yake ya kwanza. Na Tonia anajitia kwa sajini wa jeshi, Edmund Lowe, anayemsaka Cisco kwa ajili ya zawadi. Msichana anaona fedha, anamuuza mpenzi wake. Cisco anainasa barua yake, anaandika nyingine kwa jina lake: kwamba jambazi atatoroka amevaa nguo za Tonia. Sajini anangoja, anaona nguo, anafyatua. Aliyeanguka ni Tonia. Cisco anapanda farasi.

Kimya kikashika paa. Halafu Ami, ambaye enzi zake alijua kila kauboi aliyepita kumbi za sinema za Regal na Naaz na Majestic, aliyekuwa akipanga foleni tangu saa nane na senti zake mfukoni, akatoa hukumu: "Stelingi haui mwanamke kwa karatasi." Wazee wawili wakamuunga mkono. Mama mmoja nyuma akasema msichana naye alijitakia. Mwanangu akasema sajini ndiye mjinga, mtu gani anapiga risasi nguo. Mabishano hayo yalikuwa mazuri kuliko nusu ya filamu, na kijana alifanya jambo la akili: akawaacha, akaleta kahawa.

Mie niko na mwanangu. Na nitaongeza: Baxter akiongea ile lafudhi yake ya kubandika ya Kimeksiko, kila neno limevutwa kama ubani, ulikuwa unapata hamu ya kurudi kwenye zama za picha bubu. Nadhani aliyempa Oscar alikuwa anaipa sauti yenyewe, kwa kuwa imesikika.

Lalamiko jingine. Filamu iko kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mkwaruzo, hakuna maandishi chini wala mtu wa kutafsiri. Wazee walikuwa wakikisia. Sisemi tuletewe mambo ya DJ Afro, yule anayezisimulia filamu kwa Kiswahili, juu ya kila picha, lakini kijana mwenye maiki na anayependa kusema kama yule angeweza kutupa kisa kwa ufupi kila baada ya robo saa. Nilimwambia. Akasema atafikiria, na nikaona macho yamemng'aa.

Shuka nayo. Upepo wa bahari ulipozidi, mnamo saa tatu na nusu, ikaanza kupuliza tumbo kama tanga la jahazi, na jangwa lote la Arizona likawa lapumua. Wamefunga mawe pembeni, hayatoshi. Wangeishona ukingoni mwa chini wakatia mchanga ndani, kama tufanyavyo kwenye mapazia ya kupambia. Hilo pia nilimwambia. Nadhani mwishowe alinichoka.

Nilipokuwa nafunga kitambaa changu kuondoka, Ami hakuwa ameinuka. Alikuwa nyuma kwenye projekta. Nikasogea, nikamkuta amemshika kijana bega na kumwambia, "Mwanangu, ile ya karai, turudishie." Kijana akarudisha. Tukasimama sisi wanne, shuka ikipepea, tukasikiliza nyama ya mwaka 1928 ikikaangwa hadi mwisho. Chini mama alikuwa amezima jiko. Safari hii niliisikia peke yake: nyuma ya mafuta kuna kitu kingine, chepesi sana, kinachopanda na kushuka. Nilimwomba airudishe tena nikafumba macho. Ni upepo. Umo mle ndani, mdogo, umefugwa, haukumeza chochote.

Nitarudi Alhamisi. Ukienda, beba mto wa kukalia na tochi ya kushukia ngazi, viazi viagize mapema kabla ya saa tatu maana huisha, na kaa upande wa kulia, karibu na ile spika niliyoirekebisha.